"Ruwa ni jua", "Mungu ni asili": hili "ni" lina maana gani?

Mdadisi_Pasua
Wakuu, habari za jioni. Kikundi chetu cha kusoma falsafa hapa Moshi kinakutana Jumamosi kwa saa moja na nusu, watu 12, Wakristo na Waislamu. Kikao kilichopita kilikwama. Mmoja alisema Wachagga wa zamani waliabudu jua, kwa kuwa Ruwa ni Mungu na neno hilohilo ni jua. Mwingine akadakia kwamba basi wazee walikuwa upande wa mwanafalsafa Spinoza, aliyesema Mungu ni asili. La ajabu, kauli hiyo ya Spinoza ilipita bila ubishi, hata kwa wenye imani kali. Tuanzie wapi, na ni maneno gani ya Kiswahili yanayotupoteza?

Mwalimu_Kiboriloni
Ilipita kwa sababu hawakusikia alichosema Spinoza. Ukisema "asili yake ni Marangu" unataja alikotoka mtu. Ukisema "misitu ya asili" unataja kisichopandwa na mtu. Mchungaji akisikia "Mungu ni asili" anasikia "Mungu ni chimbuko la vyote", na hapo hana cha kupinga. Spinoza, katika kitabu kilichotoka 1677, mwaka aliofariki, alidai jambo zito zaidi: dhati, yaani kinachosimama chenyewe bila kutegemea kingine, ni moja tu, na kila kitu, kuanzia mwamba wa Mawenzi hadi wazo lililomo kichwani mwako sasa hivi, ni namna ya dhati hiyo kuwa. Hakuna Muumba aliyesimama kando ya alichokiumba.

Ukikimbilia neno "maumbile", umeangukia upande wa pili. Limetokana na kuumba, kama mfinyanzi anavyoumba chungu, kwa hiyo neno lenyewe limekwisha mweka Muumba nje. "Mungu ni maumbile" inasikika kama "mfinyanzi ni chungu", na mjadala unakufa hapo hapo. Spinoza mwenyewe alitenga asili inayozaa na asili iliyozaliwa. Hapa Kiswahili kimetupa zawadi: ya kwanza iite asili, ya pili maumbile, na usiyachanganye mpaka mwisho wa kikao.

Dakika 20 za mwanzo andika ubaoni kauli mbili: "Mungu ndiye chimbuko la vyote" na "Hakuna kitu kilicho nje ya Mungu". Kila mtu aseme anakubali ipi. Wengi wataikubali ya kwanza na kusita kwenye ya pili. Waulize wanasita kwa nini, usiwape jibu.

Njiro_Tafakuri
Kuhusu Ruwa, kosa liko kwenye "ni". "Kibo ni kilele" inamweka Kibo kwenye kundi la vilele. "Kibo ndicho kilele kirefu kuliko vyote Afrika" inasema hivi viwili ni kitu kimoja. Hiyo ya pili ina kipimo: chochote kilicho kweli kwa kimoja lazima kiwe kweli kwa kingine. Basi waulizeni wazee wanaojua Kichagga vizuri: jua likizama, husemwa Ruwa ametua? Anga likiwa na mawingu, Ruwa amefunikwa? Sikilizeni pia viambishi vya ngeli. Kwa Kiswahili jua "limechomoza" lakini Mungu "amejalia". Je, Kichagga chao kinatenga vivyo hivyo? Msikusanye jibu la kijiji kimoja, maana matamshi na matumizi hubadilika toka Rombo hadi Machame.

John Mbiti, mwanatheolojia wa Kenya, mwaka 1969, aliwataja Wachagga miongoni mwa watu wenye neno moja kwa Mungu na jua, lakini akaonya kwamba hakuna dalili thabiti kuwa jua lenyewe lilichukuliwa kuwa Mungu. Huku kwetu Arusha mfano ni huohuo: Enkai ya Wamaasai ni Mungu, na neno hilo hutumika pia kwa mvua na anga. Na Ol Doinyo Lengai ni mlima *wa* Mungu. Hiyo "wa" si "ni".

Mwalimu_Kiboriloni
Naongeza tahadhari moja, Njiro. Kipimo chako kinavunjika ndani ya sentensi zenye "anaamini kwamba". Nyota ya asubuhi na nyota ya jioni zote ni sayari moja, Zuhura, lakini mtu aweza kuamini moja imechomoza bila kuamini hivyo kuhusu nyingine. Kwa hiyo, wazee wakikataa kusema "Ruwa ametua", tumejifunza wanavyomfikiri Ruwa. Hatujathibitisha Ruwa ni nini hasa. Mkichanganya hayo mawili mtagombana bure.

Mdadisi_Pasua
Ahsanteni sana. Na neno "yupo"? Mmoja huuliza kila mara: "Yupo wapi?"

Njiro_Tafakuri
Anastahili kujibiwa, kwa sababu -po, -ko na -mo ni viambishi vya mahali. Mwanafalsafa Alexis Kagame wa Rwanda, katika kazi yake ya 1956, aliligusa hili: kitenzi cha kuwa katika lugha za Kibantu hakisimami peke yake kueleza kuwapo, hudai sifa au mahali. Ibn Sina, mwanafalsafa wa Kiislamu aliyefariki 1037, alitenga kitu ni nini na kama kipo: unaweza kuelewa pembetatu barabara bila kujua kama ipo hata moja duniani. Kwake, Mungu peke yake ndiye ambaye kuwapo hakukuongezwa juu ya kile alicho. Waliosoma tauhidi madrasa watakumbuka wujudi, yaani kuwapo, inatajwa ya kwanza kati ya zile sifa 20 za Mungu. Waombeni waifafanue wao.

Kabla ya hapo, andika ubaoni sentensi hizi: "Chai ipo", na "Kati ya 100 na 102 ipo namba tasa". Ya kwanza ina jikoni na chupa. Ya pili ni kweli, ni 101, wala hakuna atakayeuliza ipo wapi. Kisha andika "Mungu yupo" chini yake, na yule ndugu yako aseme inafanana na ipi.