Marekani wameongeza tena "hali ya dharura" juu ya Kongo: dagaa wetu wa Lubumbashi wanaguswa?

Dagaa_FunguRefu
Assalamu alaykum wadau. Kila Oktoba inapita khabari kwamba rais wa Marekani ameongeza mwaka mmoja "hali ya dharura ya kitaifa" juu ya Kongo (DRC). Wanunuzi wakubwa wa dagaa wa kuchemsha hapa Unguja ni Wakongo, mzigo unavuka Dar, Tunduma, Kasumbalesa hadi Lubumbashi. Masuali yangu: kule kuongezwa ni vikwazo vipya? Biashara na Kongo imekatazwa? Na ankara iandikweje ili dola zisikwame njiani?

Wakili_Vuga
Wa alaykum salaam. Tuanze na neno lenyewe, maana ndilo linalotisha watu bure. Kwetu "hali ya hatari" ni ile ya ibara ya 32 ya Katiba ya Muungano, na wazee wa hapa wanaikumbuka ya Juni 1961. Hii ya Marekani haina askari mabarabarani. Ni ufunguo wa kisheria tu. Sheria yao ya 1977, IEEPA, inamruhusu rais kufungia mali za watu wa nje, lakini sharti kwanza atangaze dharura. Kwa Kongo aliitangaza George W. Bush tarehe 27 Oktoba 2006, Amri namba 13413, na Obama akaipanua Julai 2014 kwa Amri 13671.

Sasa, sheria yao nyengine, ya 1976, inasema dharura hufa yenyewe ikitimiza mwaka, isipokuwa ndani ya siku 90 za mwisho rais achapishe tangazo kwenye gazeti lao rasmi na kulipeleka Kongresi. Ndilo hilo mnaloliona kila Oktoba, fupi, maneno karibu yale yale. Halipigiwi kura. Kwetu hali ya hatari ina miezi 6 na kuiongeza kunataka theluthi mbili ya Bunge. Kwao kuizima ndiko kunakotaka kura, na rais akikataa kutia saini, theluthi mbili za mabaraza yote mawili. Haishangazi kwamba ya Iran ya Novemba 1979 ingali hai. Ingawa si zote: ya Burundi ilitangazwa Novemba 2015, Biden akaifuta Novemba 2021.

Kwa hiyo suali la kwanza, hapana. Tangazo likitoka, ya jana na ya leo ni mamoja.

Karani_Malindi
La pili: Kongo haikufungiwa kama nchi. Yamefungiwa majina. Ingia kwenye ukurasa wa kutafutia majina wa OFAC, ofisi ya vikwazo ya Wizara ya Fedha ya Marekani. Ni bure. Jina la mpango huu utaliona limeandikwa DRCONGO. Humo wamo waasi wa M23, na tangu Julai 2024 muungano wa waasi wa Alliance Fleuve Congo na Bertrand Bisimwa, rais wa M23. Mambo ya Kivu hayo, mashariki ya Kongo, Lubumbashi iko kusini kabisa. Ila kompyuta ya benki haijui jiografia, inajua herufi.

Ukitafuta, usiache kipimo cha ulinganifu kwenye 100, kishushe mpaka 90 hivi, maana majina ya Kikongo huandikwa kwa namna nyingi. Ukipata anayefanana, linganisha tarehe ya kuzaliwa.

Dola kutoka Lubumbashi kwa kawaida hupita benki wakala (inayopitisha dola kwa niaba ya benki nyengine) New York ndipo zifike huku, na hapo ndipo hukwama. Ankara yenye "Dagaa, Congo" na jina moja la mnunuzi inajitafutia masuali. Andika majina yote kama yalivyo kwenye pasipoti, mji na mtaa, na mzigo wenyewe: dagaa wakavu waliochemshwa, magunia 200 ya kilo 25, jumla kilo 5,000. Fungu la forodha ni 0305. Anayelipa awe yule yule aliye kwenye ankara. Shemeji akilipa kwa niaba yake, umeshaharibu.

Mhasibu_Chake
Naongeza kwa Karani. Akiwa mnunuzi ni kampuni, kutafuta jina lake hakutoshi. Kampuni ambayo waliofungiwa wana hisa zake 50% au zaidi, hata kwa kujumlisha, nayo imefungiwa ijapokuwa haimo kwenye orodha. Omba karatasi ya wenye hisa.

Na mjue kutofautisha pesa zilizokwama. Zikisimamishwa kwa masuali, jibu siku hiyo hiyo pamoja na nakala za ankara na hati ya kusafirishia. Zikirudishwa, ziko kwa mnunuzi. Zikifungiwa, zinakaa kwenye akaunti ya Marekani, benki inaripoti OFAC ndani ya siku 10 za kazi, na kuzitoa kunataka leseni yao. Hilo la tatu khasa ni nadra kwa muuza dagaa.

Maswali mengine hayatoki Marekani hata kidogo. Kongo na Tanzania ziliingizwa pamoja kwenye orodha ya kijivu (nchi zinazofuatiliwa kwa karibu) ya FATF, chombo cha kimataifa cha kupambana na utakatishaji fedha, Oktoba 2022. Sisi tulitolewa Juni 2025.

Dagaa_FunguRefu
Ahsanteni. Na wakala wake wa Dar akinilipa shilingi?

Mhasibu_Chake
Shilingi kutoka benki ya Dar hadi ya Unguja haipiti New York. Muandike wakala kwenye ankara kama mlipaji, na mnunuzi wa Lubumbashi kama mpokeaji mzigo. Usilifute neno Kongo kwenye hati ya dola ili ipite: kuifanya benki ya Marekani ivunje vikwazo bila kujua ni kosa kwa sheria ile ile ya 1977.