Bustani ya Mimea ya Dar es Salaam wakati wa kiangazi: je, inawafaa watoto?

Mama Nasra wa Tabata

Habari za leo, ndugu zangu. Wapwa zangu wanakuja kutoka Dodoma kwa likizo ya Desemba, nami ningependa kuwapeleka mahali ambapo si ufukweni wala madukani. Nimeifikiria Bustani ya Mimea iliyo jirani na Makumbusho ya Taifa, kwa kuwa mkubwa wao yuko kidato cha pili na anaipenda sana baiolojia. Jirani yangu ananikatisha tamaa: anasema ni kieneo kidogo, na kwamba humo hamna kitu isipokuwa miti. Je, kuna chochote ambacho mtoto hawezi kukiona kandokando ya barabara zetu? Na joto la majira hayo litavumilika?

Mzee wa Upanga

Kuhusu ukubwa, jirani yako amesema kweli. Ila kulalamika kwamba bustanini hamna kitu isipokuwa miti ni sawa na kulalamika kwamba sokoni hamna kitu isipokuwa bidhaa.

Bustani hiyo ilianzishwa mwaka 1893, chini ya utawala wa Wajerumani, na Profesa Stuhlmann, na haikukusudiwa kuwaburudisha watu bali kujaribia mazao ambayo wakoloni walitaka kujua kama yangestawi katika nchi hii. Mwaka huohuo Hindorf, mtaalamu wa kilimo Mjerumani, aliagiza mkonge kutoka Florida, na kati ya vipando 1,000 vilivyosafirishwa, ni 62 tu vilivyofika Tanga vikiwa hai. Mweleze kijana habari hizo kabla hamjaingia getini.

Mti wa kuutafuta kwanza ni mnazi wa Shelisheli, ule wenye nazi pacha, ambao ni nadra sana kuukuta nje ya visiwa vyake vya asili. Mbegu yake ndiyo kubwa kuliko mbegu zote duniani, na inaweza kufikia kilo 25. Mti dume na mti jike ni miti miwili tofauti, tunda huchukua miaka sita au saba kukomaa, na mbegu inapoota haichipui pale ilipoangukia, bali hutoa kikonyo kinachopita chini ya udongo kwa mita kadhaa ndipo mche utokeze. Kwa karne nyingi watu wa Bahari ya Hindi waliziokota mbegu hizo zikielea, bila kujua zilikotoka, hadi mti wenyewe ulipotambuliwa katika kisiwa cha Praslin mwaka 1768. Na zile zilizoelea zilikuwa zimekwisha kufa, maana mbegu nzima huzama. Mwulize kijana: ikiwa mbegu nzima huzama, mti huu ungefikaje kisiwa kingine bila mkono wa mtu? Nadhani hapo tu mtakaa muda mrefu kuliko alivyokadiria jirani yako.

Mwalimu wa Kigamboni

Shikamoo, Mzee. Naunga mkono, ila naomba niongeze mtapo, ambao watu wengi huupita wakidhani ni mnazi mfupi au mchikichi. Jamii hiyo ya mimea ilikuwapo tangu enzi za dinosauri, haina maua kabisa, na mbegu zake hukaa katika koni. Kwa mwanafunzi wa kidato cha pili, kuuona mtapo na mnazi katika bustani moja ni somo zima la uainishaji, kwa sababu kwa sura vinakaribiana na kwa nasaba viko mbali mno. Wadogo waangaliwe, kwani mbegu zake mbichi zina sumu.

Mama Nasra, kuhusu joto: Desemba mchana hufika nyuzi 31 au 32, na unyevu wa pwani utawaelemea wageni wa Dodoma kuliko joto lenyewe. Nendeni asubuhi mapema. Wavae mikono mirefu na kujipaka dawa ya mbu, kwa maana mbu wa homa ya dengi, iliyotusumbua hapa mjini mwaka 2014 na 2019, huuma mchana na hupenda vivuli. Faida ya Desemba ni kwamba mikrismasi huwa imechanua. Huo nao ni mgeni kutoka Madagaska, ingawa watoto wetu wengi wangeapa kwamba ni wa hapahapa.

Mama Nasra wa Tabata

Nawashukuru sana. Mzee, swali lako nitalitumia kama lilivyo. Je, baada ya bustani tuunganishe na Makumbusho siku hiyohiyo, au watoto watachoka?

Mzee wa Upanga

Unganisheni, kwa sababu saa tano jua likikaza mtahitaji kuwa chini ya paa. Shukeni Posta, mfuate Barabara ya Samora kwa miguu, muanze na bustani kisha Makumbusho. Humo msikose habari za Zinjanthropus, fuvu lililovumbuliwa na Mary Leakey huko Olduvai mwaka 1959. Mkibanwa na muda, sehemu ya magari ya zamani ya viongozi inaweza kusubiri, ijapokuwa najua mdogo wao hatakubali.