Arobaini ya bibi yetu Tanga: nimweleze vipi mwanamke aliyejitegemea?

Mjukuu wa Ngamiani:
Assalaam aleikum wanajukwaa. Bibi mzaa mama ametangulia mbele ya haki, tumemzika Tanga, na arobaini inakaribia. Familia imeniomba niandike maisha yake yasomwe baada ya hitima, kisha kila nyumba ibaki na nakala. Naomba ushauri, maana tumeanza kuvutana.

Bibi alizaliwa upande wa Pangani. Aliolewa, akaachika watoto wakiwa wadogo, na hakuolewa tena ingawa posa zilikuja. Alifanya kazi shamba la mkonge, akianika singa, yaani nyuzi za mkonge. Mkonge ulipodorora akahamia mjini: alfajiri anakaanga vitumbua, mchana anasuka ukili. Mikeka yake watu waliiagiza mapema kabla ya harusi. Kwa upatu na kibubu alinunua kiwanja Ngamiani, akajenga chumba kimoja kimoja kadiri pesa ilivyopatikana. Karatasi za kiwanja zina jina lake, si la kaka yake wala la mwanawe. Alikuwa akizitoa sandukuni na kutuonyesha sisi wajukuu wa kike, tulisome lile jina kwa sauti.

Alipozeeka wanawe walitaka kumhamishia Dar es Salaam. Akakataa. "Nikija kwenu, hata maji ya kunywa nitaomba." Akabaki na nyumba yake, wapangaji wake na redio yake. Baiskeli aliipanda hadi umri ambao wenziwe walishashika fimbo.

Sasa mjomba mkubwa anasema talaka isitajwe, posa zisitajwe. Niandike alikuwa mcha Mungu, mkarimu, mwenye subira. Alikuwa hivyo kweli. Lakini marehemu wangapi tumesomewa maneno hayohayo? Nikiuondoa uamuzi wake wa kuishi kwake na kwa jasho lake, anayebaki ni mwanamke nisiyemjua.

Pia tarehe zinanishinda. Hakuwa na cheti cha kuzaliwa, na kila mtu anataja mwaka wake.

Bint Pangani:
Pole sana dada, Mwenyezi Mungu ampe kauli thabiti. Kuhusu tarehe, usiulize mwaka, uliza tukio. Uhuru wa 1961 ulimkuta mwari au ana mtoto mgongoni? Mashamba ya mkonge yalipotaifishwa baada ya Azimio la Arusha la 1967, bado alikuwa anaanika singa? Vita vya Kagera, 1978, alishahamia mjini? Na zile foleni za sukari na sabuni mwanzoni mwa miaka ya 80, vitumbua alivikaanga kwa sukari ya wapi? Hilo la foleni liulize mbele ya wazee watatu wanne kwa pamoja. Watasahihishana wenyewe, wewe kazi yako kuandika tu.

Mzee wa Raskazone:
Mjukuu wangu, pole. Mjomba wako msikilize kidogo. Talaka si aibu, lakini hitima ni shughuli ya dua, na huenda watoto wa babu yako kwa mke mwingine watakuwa wamekaa kwenye mkeka huohuo. Sema, "Waliachana, akalea watoto wake mwenyewe," kisha endelea. Sababu ya kuachana haiwahusu wageni. Kwenye nakala ya nyumbani andika kwa urefu.

Mwanamkasi:
Wenziwe wa upatu wako hai? Anza kwao. Wajomba watakueleza alivyowalea wao. Wenziwe ndio wanaojua alilia lini na kwa nini. Ongozana na mama yako, kwani watu wazima hawamfungulii mtoto mambo hayo akienda peke yake. Omba ruhusa, urekodi kwa simu.

Na kanga zake zisigawiwe kabla hujazipiga picha, maandishi yaonekane. Uliza ipi aliinunua baada ya talaka na aliivaa kwenda wapi. Sisi wa pwani tuna mambo hatuyatamki, tunayavaa.

Kijana wa Makorora:
Habari ya nyumba usiipunguze hata mkiambiwa inachochea ugomvi. Ila fungueni mirathi Mahakama ya Mwanzo mapema, ateuliwe msimamizi, na zile karatasi zikae mahali pamoja. Kama aliacha wasia kwa asiye mrithi, kwa sheria ya Kiislamu haupiti thuluthi ya mali.

Mjukuu wa Ngamiani:
Shukrani nyingi. Mama amekubali twende pamoja kwa somo yake bibi, Chumbageni. Ndiye aliyekuwa akishika upatu. Mjomba naye ameikubali ile sentensi ya Mzee wa Raskazone, ila posa bado anazikataa. Kwenye nakala ya nyumbani niwataje waliomposa? Watoto wa wengine ni majirani zetu hadi leo.

Mwanamkasi:
Majina acha. Kwamba walikuja na akawakatalia, andika.