Hoteli kubwa, kitanda kizuri, mlango wa dharura una kufuli!

Wakuu, naandika nikiwa nimekereka kwelikweli, na uzi utakuwa mrefu kidogo, mnivumilie. Nimekaa siku nne kwenye hoteli moja kubwa katikati ya jiji, ghorofa 18, mimi na mama yangu mzazi. Jina siliweki. Barua yangu nimewakabidhi mkononi, wanajijua.

Nianze na mazuri, maana yapo na sitaki kumdhulumu mtu. Tulifika usiku, mama kachoka, goti linamsumbua na anatembelea mkongojo. Kijana wa mizigo hakusubiri kuombwa. Alivuta kiti, akamkalisha mama pembeni wakati mimi nahangaika na fomu za mapokezi. Chumba chetu kilikuwa ghorofa ya 12. Kisafi, shuka zimenyooka, godoro halibonyei katikati, maji ya moto yanatoka palepale ukifungua bomba. Dada wa usafi alipouona ule mkongojo, kesho yake tuliporudi tukakuta kaweka kiti cha plastiki bafuni na mkeka wa mpira usioteleza. Hakuna aliyemwagiza. Mama alimwombea dua akiwa peke yake mle chumbani, nikamsikia.

Kero ndogo zilikuwepo: kiyoyozi kinanguruma, lifti moja kati ya tatu mbovu siku zote, dipoziti waliyoizuia kwenye kadi yangu ilirudi baada ya siku tisa. Hayo nilimeza, nisingeyafungulia uzi.

Sasa usiku wa tatu. Saa nane na dakika kama kumi, kengele ya moto ikalia. Si mlio wa mbali, ni ule unaokuingia kichwani. Nikawasha taa, nikapiga simu mapokezi. Simu ililia sana kabla ya kupokewa, halafu sauti ya usingizi ikaniambia, "Usijali kaka, hiyo huwa inalia tu yenyewe." Nikauliza, mmeshaangalia? Akasema, "Tunafuatilia." Akakata.

Nilipofungua mlango nikasikia harufu ya kitu kinaungua. Korido imejaa watu, wengine na taulo kiunoni, mtoto analia, na kundi zima linasukumana mbele ya lifti. Nikapaza sauti wasiingie. Kwenye moto lifti haipandwi: umeme ukikatika mnabaki ndani, na lile shimo inamopita linavuta moshi kwenda juu kama bomba la jiko. Walionisikia tukaelekea kushoto, kwenye mlango wenye taa ya kijani ya mtu anayekimbia.

Mlango ulikuwa na mnyororo.

Umezungushwa mara mbili kwenye mishikio, na katikati kufuli la shaba, jipya, linang'aa. Juu yake ile taa ya kijani inawaka vizuri tu. Alama ile ilibuniwa Japani ili hata asiyejua kusoma ajue pa kukimbilia. Sisi tulikimbilia pale ilipotuelekeza, tukakutana na kufuli. Jamaa mmoja akaupiga mlango teke mara tatu, mnyororo ukacheza, basi. Mama kashika ukuta, akaniangalia, akauliza, "Sasa tunapita wapi, mwanangu?"

Sikuwa na jibu, wakuu. Mama yangu ananiuliza pa kupita na mimi sina jibu. Hapo ndipo hasira yangu ilipo.

Ngazi nyingine zilikuwa mwisho kabisa wa korido, upande wa pili, kupita tena kwenye lile kundi la lifti. Tulikuwa hatujafika hata nusu, kwa mwendo wa mkongojo, mlinzi akatokea huko anahema, kapanda ghorofa 12 kwa miguu na kitita cha funguo mkononi. Simu yangu ilionyesha dakika saba tangu nilipowapigia. Akakimbia hadi kwenye kufuli, akajaribu ufunguo wa kwanza, wa pili, wa tatu. Wa nne ndio ukafungua. Wakati huohuo redio yake ikasema hakuna moto, ni mashine ya kukaushia nguo huko chini imeunguza mkanda. Yule kijana alikaa na mama kwenye sakafu ya korido mpaka mikono yake ikaacha kutetemeka. "Samahani sana mama, samahani," anarudia. Huyo sina neno naye. Kufuli si lake.

Asubuhi nikaenda kwa meneja. Mtu mstaarabu, kanikaribisha kiti. Akaniambia mlango unafungwa kwa usalama wetu wenyewe, kwa sababu kuna wageni walikuwa wanatoroka bila kulipa na wengine kupitisha watu kinyemela. Kisha akasema, kwa kuwa haukuwa moto wa kweli, wangetupa punguzo la usiku mmoja na chakula cha usiku bure. Nikakataa vyote viwili. Nilichokuja kudai ni mlango.

Jamani, hii hoja ya usalama inanichemsha damu. Kifaa cha kuzuia watoro kipo siku nyingi: mlango usiofunguka kutoka upande wa ngazi, lakini ndani una chuma cha kulala ambacho ukikisukuma hata kwa kiuno unafunguka, na king'ora kinalia mapokezi. Mwizi anajulikana, mgeni anatoka. Aliyeamua kununua kufuli la shaba badala ya hicho kifaa aliweka bili kwenye mzani na uhai wa watu, akachagua bili.

Na wenye hoteli wanayajua haya, maana yameshatokea. Mwaka 1946, tarehe 7 Desemba, hoteli ya Winecoff pale Atlanta, Marekani, iliungua usiku watu wamelala. Walikufa 119. Hoteli ilikuwa inatangazwa kuwa haiungui, na kweli jengo halikuanguka, limesimama hadi leo. Lakini lilikuwa na ngazi moja tu, na ngazi hiyo ndiyo iliyopitisha moto na moshi. Watu wakabaki madirishani. Mwaka 1980, tarehe 21 Novemba, MGM Grand ya Las Vegas: moto ulianzia chini kabisa, upande wa mgahawa, ukala ukumbi wa kasino. Walikufa 85, na wengi wao walikuwa ghorofa za juu ambako moto wenyewe haukufika. Ni moshi, uliopanda kwenye mashimo ya lifti, kwenye ngazi na kwenye njia za hewa. Kwa hiyo mtu akiniambia "moto ulikuwa chini, nyinyi mlikuwa juu", ananiambia habari ya hatari, hanitulizi.

Halafu ghorofa ya 12! Ngazi ya kawaida ya gari la zimamoto inafika mita 30 hivi. Hapo tulipolala haifiki. Kama mlango haufunguki, hakuna wa kukufuata dirishani.

Nikamuuliza meneja kuhusu ile kauli ya "huwa inalia". Akacheka kidogo, akasema ni kijana mgeni kazini. Nikamwambia huyo kijana hajaitunga, kaikuta. Kengele inayolia ovyo bila kutengenezwa inawafundisha wafanyakazi kulala na wageni kuvuta shuka. Siku ikilia kweli, nusu ya watu watabaki vitandani wakiamini wamepewa taarifa sahihi. Kwangu mimi hilo ni baya sawasawa na kufuli. Hakulijibu. Akaandika kitu kwenye daftari.

Nikaenda pia kuziangalia zile ngazi za pili, ambazo hazikufungwa. Mlango wake ni wa kuzuia moshi, mzito, una mkono wa kuurudisha wenyewe. Ulikuwa umeegeshwa wazi kwa ndoo ya kudekia. Yaani njia moja ina mnyororo, nyingine iko wazi kwa moshi kuingia. Na nyuma ya mlango wa chumba chetu kuna ramani nzuri, imewekewa fremu, mishale miwili myekundu inaonyesha ngazi zote mbili.

Siku ya kuondoka, kabla hatujashusha mizigo, nilipita tena kushoto. Mnyororo haupo. Mlango umepanguswa, umebandikwa karatasi mpya ya "Njia ya Dharura". Nikafurahi, nikasema moyoni kumbe wamesikia. Nikamwacha mama ameketi karibu na lifti, nikasukuma mlango, nikateremka kwa ngazi hizohizo hadi ghorofa ya 11, nikajaribu kuingia koridoni kwao. Mlango ukasogea kiasi cha kidole ukagoma. Upenyoni nikaona mnyororo kwa upande wa ndani. Nikashuka ya 10. Vilevile. Ya 9, vilevile.

Wameufungulia mlango wa mgeni aliyelalamika.

Nimepiga picha za milango mitatu, nimezipeleka kikosi cha zimamoto pamoja na nakala ya barua, na nimesaini fomu ya malalamiko kwa jina langu kamili. Mkiwa hotelini leo usiku, tokeni koridoni mkaisukume milango ya dharura kwa mikono yenu, yote, na mhesabu ni vyumba vingapi kutoka kwenu hadi pale. Ukikuta kufuli, piga picha, shuka mapokezi, ugome kulala hapo mpaka litoke. Na kama kuna anayefanya kazi hotelini humu, naomba anijibu: funguo za makufuli haya usiku anakaa nazo nani, na yuko ghorofa ya ngapi?