Mrejesho: lenzi na tripodi nilizopanda nazo mlimani

Wakuu, nimerudi salama. Niliuliza nibebe lenzi zipi na tripodi (stendi ya kamera ya miguu mitatu) gani kwa safari ya siku 4 mlimani, mkanishauri nipunguze mzigo. Asanteni sana, nilisikia.

Nilibeba lenzi mbili tu: 16-35mm (pana, inayoingiza eneo kubwa) na 70-200mm f/4 (ya kuvuta vya mbali). Nilidhani ile pana ndiyo itafanya kazi yote, kumbe milima ya mbali inageuka vichuguu! Picha ninazozipenda zaidi nilipiga kwa 70-200, kwenye 135mm hivi, matuta yakijipanga moja nyuma ya jingine ndani ya ukungu wa asubuhi.

Tripodi ya kaboni, kilo 1.3, ilinifaa, ila upepo wa alfajiri uliitikisa. Nikashusha nguzo ya katikati, nikatanua miguu, nikaining'inizia begi likigusa ardhi kidogo lisibembee. Nikazima kizuia mtikisiko cha lenzi, maana juu ya tripodi chenyewe chaweza kutikisa picha, nikaweka taima ya sekunde 2 ili kubonyeza kitufe kusitikise kamera. Kwa f/11 (tundu dogo la lenzi) na ISO 100 (wepesi mdogo wa kunasa mwanga), hata umande kwenye majani ya mbele unauona tonetone.

Betri nililala nazo ndani ya nguo, maana baridi inazimaliza haraka mno.