Dar–Masasi kwenye masika: nikikuta Somanga pamekatika nageukia wapi?

Mtoa mada: Wakuu, salaam. Katikati ya mwezi wa nne naenda Masasi, mdogo wangu anaoa. Gari ni IST, kagari kadogo ka chini, nitakuwa na mama mzazi na watoto wawili. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilikata barabara ya kusini pale Somanga, Kilwa, na nawajua watu waliolala njiani. Nishike ya pwani kama kawaida au nizunguke Songea? Na pakikatika nikiwa njiani, nafanyaje?

Ngosha wa Kibiti: Zunguka Songea mkuu, lami tupu mpaka Masasi. Mambo ya Somanga waachie wenye Land Cruiser.

Utingo Mstaafu: Ngosha, umewahi kuizunguka hiyo na watoto? Pwani ni kama kilomita 600. Kwa Songea ni kama 1,400: Morogoro, Mikumi, Iringa, Makambako, Njombe, Songea, Tunduru, ndipo Masasi. Na huko nako ni masika. Lori likilala mlima Kitonga, kabla ya Iringa, unakaa foleni vilevile.

Mtoa mada, uamuzi wako unafanyika Dar, siyo Somanga. Ukishavuka Daraja la Mkapa, lile la mto Rufiji, huna pa kuchepukia: kushoto bahari, kulia pori la Selous na Hifadhi ya Nyerere. Ukikwama Somanga, kurudi Dar ni zaidi ya kilomita 200 kabla hujaanza hata huo mzunguko. Kwa hiyo jioni ya kuamkia safari soma tahadhari ya TMA (Mamlaka ya Hali ya Hewa). Mkoa wa Lindi ukiwa na rangi ya machungwa au nyekundu, usitoke. Ondoka siku nne kabla ya harusi ili uwe na siku za kupoteza.

Bint Nangurukuru: Kuna njia ya Nangurukuru–Liwale–Nachingwea, inatokea Masasi hukohuko.

Utingo Mstaafu: Dada, Somanga iko kabla ya Nangurukuru ukitokea Dar, kwa hiyo hapo haimsaidii. Labda pakatike mto Mbwemkuru, mbele ya Nangurukuru. Hata hivyo ile ni ya udongo, IST kwenye masika itakaa Liwale mpaka korosho zikomae.

Bint Nangurukuru: 😂 Haya, yameisha.

Mama Wawili: Kwenye maji, jamani, usifuate basi. Basi liko juu, wewe uko chini. Maji ya tope yanaficha kila kitu, lami inaweza kuwa imeliwa pembeni ya kalavati na juu unaona pametulia tu. Simama, subiri wenyeji wavuke kwa miguu, angalia yanawafika wapi. Yakipita kifundo cha mguu, rudi Ikwiriri utafute gesti. Na jaza mafuta hapohapo Ikwiriri, foleni ikianza sheli za mbele zinakauka.

Mtoa mada: Nimewaelewa. Je, nikimpandisha mama basi, pakikatika si wanafaulisha abiria?

Utingo Mstaafu: Wanafaulisha pakishakuwa na pa kupita kwa mguu. Mama ana umri gani? Kushuka kwenye tope na begi siyo kazi ya mtu mzima. Mkatie tiketi ya ndege mpaka Mtwara, hapo atapokelewa kwa gari ya ukoo mpaka Masasi. Wewe na watoto mje taratibu.

Mtoa mada: Ana 68, na ndege anaiogopa kuliko mafuriko. Ngoja nikaongee naye.