Nilisaini mahudhurio ya kikao, sasa naambiwa nimeridhia sheli ukutani kwangu. Naombeni ushauri

Baba Mwarobaini
Wakuu, habari za jioni. Nakaa Dar, mtaa uliopimwa zamani, viwanja vyote ni vya makazi. Mzee jirani yangu alifariki, watoto wakauza. Mnunuzi kabomoa nyumba, kazungushia mabati, na wiki tatu zilizopita kaweka kibao: anaomba kubadili matumizi kutoka makazi kwenda kituo cha mafuta, pingamizi ndani ya siku 30. Kibao kiko upande wa uchochoroni, nyuma ya mti. Mimi nimeoneshwa na muuza maji.

Kinachoninyima usingizi ni hiki. Kabla ya kibao, mjumbe alituita kikao ofisi ya mtaa, ajenda ulinzi shirikishi na taka. Tulikuwa kama 25. Mwishoni akasimama kijana tusiyemjua, akaongea dakika tano kuhusu "uwekezaji utakaotuletea taa za barabarani". Neno mafuta hakulitamka. Tukasaini mahudhurio, tukapewa soda na elfu tano ya nauli. Juzi nasikia faili lina muhtasari kwamba wananchi tumeridhia, na sahihi yangu imo. Nimechelewa?

Kijiwe Nongwa
Nauli ya kwenda kikao cha mtaa wako mwenyewe? Mkuu, hapo tu ungeshtuka 😂

Pima Kamba
Hujachelewa, una siku kama tisa. Usizimalize kwa kugombana na mwenyekiti wa mtaa. Kikao cha mtaa hakibadili matumizi ya kiwanja. Kwa Sheria ya Mipango Miji ya 2007, mamlaka ya upangaji ni halmashauri. Muhtasari ni kiambatisho tu. Andika barua ya pingamizi kwa mkurugenzi, nakala kwa afisa mipango miji, na nakala yako igongwe mhuri wa kupokelewa. Bila mhuri hujaandika kitu. Eleza kikao kiliitwa kwa ajenda gani na kwamba ulisaini kuhudhuria, basi.

Halafu weka hoja za upangaji. "Hatumtaki" haisomwi na mtu. Chukua futi kamba: upana wa barabara, lori la mafuta litageuzia wapi, umbali hadi ukuta wako, hadi shimo la choo, hadi kisima kama kipo.

Mnyonge Mwenye Kiwanja
Mnaishia kuhamishwa tu. Si mnakumbuka Magomeni Kota?

Pima Kamba
Kota ni kesi nyingine. Kule zilikuwa nyumba za umma, kaya 644 zikapisha ujenzi, na majengo mapya yakazinduliwa Machi 2022. Hapa ni mtu binafsi anaomba ruhusa kwenye kiwanja chake. Anaweza kunyimwa.

Shemeji wa Tegeta
Samahani mleta uzi, swali la uchokozi: wewe kwako hakuna fremu?

Baba Mwarobaini
Zipo tatu. Saluni, mpesa na duka la vifaa.

Shemeji wa Tegeta
Na hati yako inasema makazi. Tajiri akiamua kujibu pingamizi lako ataanzia hapo hapo.

Pima Kamba
Kweli, ndiyo maana barua isiimbe "mtaa huu ni wa makazi matupu". Shikilia hatari ya moto na magari makubwa. Saluni haihifadhi petroli chini ya ardhi.

Mama Wawili
Sisi tulipambana na ukumbi wa sherehe. Barua moja yenye sahihi 40 haikutusaidia, walisema tumechanganya na wapangaji wasiohusika. Tulichoshinda nacho ni kila mwenye nyumba aliyepakana kuandika yake, kwa maneno yake. Wapitie wale 25 mmoja mmoja. Na hata akibadilishiwa matumizi, bado ana mlango wa NEMC, wale wa mazingira, kwa tathmini ya mazingira, na wa EWURA, wadhibiti wa nishati na maji, kwa kibali cha ujenzi. Watakuja vijana na dodoso la maoni ya wadau. Ongeeni nao, ila usisaini karatasi ambayo juu ni tupu.

Baba Mwarobaini
Mrejesho: barua yangu imepokelewa leo, mhuri ninao. Kati ya wale 25 nimewafikia 14; tisa wanaandika, wawili wameniambia elfu tano yao ilikuwa elfu ishirini. Mwenyekiti haitikii salamu. Na kibao kimehamishwa, sasa kiko mbele, barabarani kabisa. Aliyekihamisha hajulikani.